Chumba cha gemu za zamani Mji Mkongwe: kanda 31 zilizokufa masika moja

Chumba kipo ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe upande wa Shangani, Zanzibar, na madirisha yake mawili yanatazama bahari. Upana wake mita 3, urefu mita 6.2, dari la boriti lipo juu mita 3.8. Mwenyewe alikimaliza Disemba, kaskazi likiwa limetulia. Aliweka makabati matatu ya kioo yenye taa za mkanda, kanda 140 za gemu zilizopangwa kwa rangi za migongo yake, mashine tisa na diski 46 za PlayStation. Televisheni ya chogo ya inchi 29 ilikaa katikati kama bibi harusi. Picha zilipigwa, zikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, zikasifiwa.

Juni, masika yalipokwisha, kanda 31 hazikuwaka. Mashine nne zilikuwa kimya. Televisheni ilitoa sauti ya kitu kinachokaangwa, na majalada ya karatasi yalikuwa yameota ukungu wa kijivu.

Jibu la kwanza la kila aliyeingia lilikuwa chumvi ya bahari. Chumvi ilikuwepo, hilo halina ubishi, lakini haielezi jambo moja. Kanda nyingine 19, zilizorudufiana na zile za makabatini, zilikuwa zimefungwa katika kanga kuukuu ndani ya katoni la viatu, chumba cha ndani, chini ya kitanda. Chumba hicho hakina kiyoyozi wala kipima unyevu, na hakuna aliyekijali. Zote 19 ziliwaka mara ya kwanza. Hewa ya bahari ni ile ile, nyumba ni ile ile. Kwa hiyo kilichoziua zile 31 kilikuwa ndani ya chumba cha maonyesho chenyewe.

Zilipopangwa upya kwenye ramani ya makabati, picha ilijitokeza: 27 kati ya 31 zilikuwa katika makabati mawili yaliyokaa usoni mwa kiyoyozi. Nne zilizobaki zilikuwa rafu ya chini kabisa ya kabati la tatu, lililogusa ukuta.

Umande ndani ya kabati

Kiyoyozi kilichofungwa kilikuwa cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kwa chumba cha mita za mraba zisizofika 19 chenye kuta nene za mawe. Hapo 9,000 au 12,000 zingetosha. Watu hudhani kikubwa ni bora. Kwa unyevu ni kinyume. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuipitisha kwenye koili baridi hadi maji yadondoke, na kazi hiyo inataka muda. Kikubwa kupita kiasi hufikisha ubaridi ndani ya dakika chache, kinajizima, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Matokeo yake ni chumba chenye baridi kama kisima na unyevu wa kisima pia.

Mwenyewe alikiweka digrii 18 kila jioni wageni wanapokuja. Saa nne usiku alikizima na kufungua madirisha ili chumba kipumue. Hapo ndipo pabaya. Hewa ya masika yenye digrii 29 na unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu chochote chenye digrii 25 au pungufu. Kanda zilizokaa saa tatu mbele ya upepo wa digrii 18 hazijafika 25 bado. Hewa ya nje inaingia, inazigusa, na maji yanatuna juu ya plastiki, juu ya kioo, na juu ya pini za shaba zilizopakwa dhahabu nyembamba kuliko unywele. Mtu akiangalia kabati anaona kioo kimefanya ukungu kidogo, anakifuta kwa kitambaa, analala. Kila usiku, wiki kumi.

Katoni la viatu halikupata hata usiku mmoja wa namna hiyo. Lilikuwa na joto, naam, na unyevu, lakini joto lake lilipanda na kushuka polepole pamoja na nyumba, kwa hiyo halikufika chini ya nukta ya umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa maji. Ndiyo maana mkusanyaji wa pwani asiye na kiyoyozi kabisa mara nyingi ana kanda nzima kuliko mwenye kiyoyozi anachokiwasha kwa ajili ya wageni tu.

Chumvi inaingia hapa. Vumbi la chumvi likiwa kavu halina madhara ya haraka. Likilowa linakuwa kimiminika kinachopitisha umeme kati ya shaba, nikeli na dhahabu, na metali dhaifu huanza kulika kupitia vitundu vidogo vya dhahabu. Kutu ya kijani inayoonekana kwenye pini ni shaba iliyotoka chini.

Ukuta

Kabati la tatu lina kesi yake. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa aina hiyo hunywa maji na kuyatoa, ndivyo ulivyokusudiwa. Mwenyewe aliupaka rangi ya mafuta, buluu iliyokoza, kwa sababu inapendeza nyuma ya taa. Rangi ya mafuta iliziba pumzi za ukuta. Maji yalitafuta njia nyingine, rangi ikavimba kama malengelenge, chini yake unga mweupe wa chumvi. Mgongo wa kabati ulikuwa wa ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, umegusa ukuta bila nafasi, ukavimba kutoka milimita 15 hadi karibu 20 sehemu ya chini. Huo haurudi, ulitupwa.

Rangi ilikwanguliwa, ukuta ukaachwa wiki sita ukauke, kisha ukapakwa chokaa tabaka tatu nyembamba. Saruji haikutumika hata kwenye mashimo, kwani saruji juu ya chokaa ni kosa lile lile kwa jina jingine. Makabati sasa yanasimama kwa miguu yake, sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni. Hakuna rafu iliyopigiwa misumari: lipu ya chokaa inamong'onyoka, jiwe la matumbawe halishiki skrubu ya plagi, na ukichimba shimo refu unaweza kukutana na kichwa cha boriti. Isitoshe, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na mabadiliko ya jengo yana taratibu zake. Ukitaka kutundika mashine ya nje ya kiyoyozi upande wa mtaani, uliza mamlaka ya hifadhi kwanza.

Boriti zenyewe zinaamua televisheni ikae wapi. Ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya mji viwe vyembamba, karibu mita 3. Chogo la inchi 29 lina kilo 45 hivi. Hapa liliwekwa katikati ya chumba, juu ya meza ya miguu minne myembamba, boriti moja ikibeba karibu uzito wote. Lilihamishwa hadi mwisho wa boriti karibu na ukuta, juu ya mbao mbili nene zinazokatisha boriti nne. Kulishusha kwa ajili ya matengenezo hakukujaribiwa. Ngazi zina kona mbili, na mahamali wawili walilitazama, wakatazama ngazi, wakasema, "Huyu mzee mleteeni fundi huku huku juu." Walikuwa sahihi.

Mashine nne, sababu nne

Mwenyewe alizihesabu nne kama waathirika wa unyevu. Ni moja tu iliyokuwa hivyo: Super Famicom ya Nintendo, ambayo mdomo wa kanda ulikuwa na kutu. Ilisafishwa, ikawaka.

Mega Drive, mashine ya Sega ya toleo la kwanza, iliuawa na adapta. Mashine hii inataka volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), ampea 1.2, hasi katikati ya pini. Adapta ya NES ya Ulaya, mashine ya Nintendo, nayo imeandikwa volti 9, na pini yake inaingia bila kusukuma. Tofauti ni kwamba inatoa mkondo geu (AC). NES haijali, kwa sababu ina virekebishi vyake ndani vya kuugeuza kuwa mnyoofu. Mega Drive haina. Kidhibiti volti cha 7805 kiliungua na kapasita moja kubwa ikavimba kichwa. Vyote viwili vinapatikana kwa mafundi redio wa Darajani kwa bei ya chai na sambusa, na kazi yenyewe ni nusu saa. Dawa ya kudumu ni utepe wa rangi: rangi moja kwenye adapta na rangi hiyo hiyo pembeni ya tundu la mashine, na volti zimeandikwa kwa kalamu isiyofutika. Mega Drive ya toleo la pili isichanganywe na ya kwanza. Ile inataka volti 10, chanya katikati.

PlayStation ilikuwa ya Kijapani. Unguja imejaa vitu vilivyotumika Japani, na mashine za gemu huja katika makontena yale yale ya friji na redio. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. PlayStation ina ugavi wa umeme ndani ya mwili wake, kwa hiyo hakuna adapta ya kukukumbusha. Unabadilisha plagi tu, inaingia ukutani, na unasikia mlio mmoja. Fyuzi ilikwenda, na balaa halikuishia hapo, transista ya ugavi nayo ilikwenda. Ilipata bodi ya ugavi kutoka PlayStation ya Ulaya ya toleo linalolingana. Wengine hutumia transfoma ya kushusha hadi volti 100, ni sawa, ila transfoma hiyo ikae mbali na televisheni, maana sumaku yake huchafua rangi za pembe za kioo.

Ya nne, Famicom halisi ya 1983, yaani NES ya Kijapani, haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imekaa kabatini miezi sita ikiitwa mbovu. Mashine hiyo hutoa picha kwa njia ya antena tu, kwenye chaneli 1 au 2 za Japani, yaani kati ya megahezi 90 na 102. Huko ndiko televisheni zetu hazitafuti kabisa. Ni eneo la redio za FM. Ukitaka kuhakikisha, washa redio ya FM karibu nayo, utasikia mlio. Ilichomekewa waya wa kutoa picha na sauti kwa njia ya AV, transista moja na vipinzani vitatu, ikafanya kazi.

Kisha rangi. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara ikafuata na televisheni miaka ishirini baadaye, na mfumo wetu wa rangi wa enzi za analojia ulikuwa PAL. Kwa hiyo nyumba za mji zina televisheni kongwe nzuri zisizojua mfumo mwingine. Mashine ya Japani inatuma NTSC, mfumo wa rangi wa kwao, na televisheni ya PAL pekee huionyesha nyeusi na nyeupe. Kabla ya kununua chogo, bonyeza menyu yake ukatafute neno NTSC. Faida si rangi tu: gemu iliyotengenezwa kwa mapigo 60 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 50 inapungua mwendo kwa karibu asilimia 17, na mtu aliyeizoea anahisi mara moja kwamba mchezaji anakimbia ndani ya uji.

Kuzifufua kanda

Kanda 31 zilifunguliwa moja moja. Mega Drive na Game Boy zinataka bisibisi maalumu ya milimita 3.8, za Famicom hazina skrubu, zimebana kwa meno, na ukiingiza kisu unavunja meno hayo. Tumia kadi ya simu iliyokwisha, uipitishe kwenye mshono.

Pini zinasuguliwa kwa raba nyeupe ya penseli, kwa kufuata urefu wa pini, mkono mwepesi, mara kumi si mia. Halafu pamba ya masikio iliyochovywa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, hadi pamba itoke nyeupe. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, na hapa maji ndiyo tunayoyakimbia. Ukiwa huna nyingine, kausha mbele ya panka saa nzima kabla ya kuchomeka. Dawa ya kung'arishia shaba inafanya pini ing'ae vizuri sana siku hiyo, na inaondoka na dhahabu. Msasa usiutaje.

Na kupuliza. Kila aliyekulia kwenye banda la gemu alipuliza kanda, na kanda ikakubali. Ilikubali kwa sababu uliitoa ukairudisha, pini zikasuguana upya. Pumzi iliongeza mate.

Kanda 24 ziliwaka baada ya usafi huo. Tano zilikuwa na njia za shaba zilizokatika chini ya kutu. Zilikwanguliwa hadi shaba safi na kuunganishwa kwa waya mwembamba, ncha ya kulehemu digrii 330, sekunde mbili kila mguso. Mbili zilikwisha: chipu zao ni tone jeusi la gundi juu ya bodi, hazina miguu ya kushika, na unyevu ulipita chini ya tone. Hizo zilikuwa kanda za kuiga, zile za "gemu 9999 kwa moja" zilizopitia mikononi mwa watoto wengi wa mji huu. Kwa maoni yetu ni hasara kubwa kuliko ingekuwa ya kanda halisi, kwani kanda halisi inaagizwa tena, ile ya kuiga yenye picha iliyochujuka na jina lililoandikwa kwa kalamu ya skuli haipatikani tena popote.

Kanda sita zilizowaka vizuri zilikuwa zimesahau michezo iliyohifadhiwa. Ndani yake mna betri ya volti 3, kwa nyingi CR2032, na iliyopimwa ilisoma 2.1. Nunua yenye vikia vya kulehemu. Usilehemu juu ya betri yenyewe, inaweza kupasuka. Mchezo uliohifadhiwa unapotea ukitoa betri, isipokuwa uunakili kwanza kwa kifaa cha kusomea kanda.

Televisheni, umeme, picha

Sauti ya kukaanga ilitoka kwenye kofia ya mpira nyuma ya bomba la picha. Pale pana volti zaidi ya 20,000, na vumbi la chumvi lililolowa ni njia nzuri ya kutorokea. Ni kazi ya fundi wa chogo, si ya mwenye chumba, kwani bomba hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Fundi alilipunguza chaji, akasafisha kwa brashi kavu na spiriti, akakausha. Sharti alilotoa ni kwamba baada ya umeme kukatika usiku kucha, televisheni isiwashwe hadi kipima unyevu kishuke chini ya asilimia 60.

Umeme utakatika, hilo lihesabiwe tangu mwanzo. Unguja inaupata kutoka bara kwa waya wa baharini, Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza wa megawati 45 ni wa 1980, na wa pili wa megawati 100 ulianza kazi 2013. Waliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kwamba mpango unaotegemea kiyoyozi pekee si mpango. Kwa hiyo kiyoyozi kimewekwa digrii 26 kwa hali ya kukausha, na mashine ya kukausha hewa ya wati 200 inafanya kazi saa 12 kwa siku. Hiyo ni uniti 2.4. Wiki ya kwanza ilitoa lita 3 hadi 4 kila siku, sasa lita moja na nusu. Madirisha hayafunguliwi usiku. Kila kabati lina nusu kilo ya silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, ya rangi ya chungwa, na mlango una utepe wa mpira, ili umeme ukatikapo hewa ya ndani ibaki kavu siku mbili tatu. Chembe zikigeuka kijani zinaingia tanurini, digrii 120, saa mbili. Mchele si badala yake. Mchele huleta mende, na mende wanapenda PlayStation yenye joto kuliko wanavyopenda mchele. Umeme ukirudi kwa kishindo, gadi ya televisheni, kifaa cha kuilinda, hukaa dakika tatu kabla ya kuuruhusu.

Adapta ya taa za mkanda ilibadilishwa pia. Ile ya mwanzo ilichora mistari inayotambaa kwenye picha ya kila mashine, na mwenyewe alikuwa amelaumu waya za AV, akanunua nyingine mara mbili.

Zimebaki picha, kwa sababu chumba hiki ni cha kuonyeshwa. Simu ikipiga picha ya chogo, huonekana ukanda mweusi unaopita. Weka kasi ya kamera kwa mkono: 1/50 kwa gemu ya PAL, 1/60 kwa NTSC, na kwa picha tulivu 1/25 au 1/30 huwa salama zaidi. Zima taa za juu, acha za makabati kwa robo ya mwanga, simama mita 2 na uivute picha kidogo (zoom). Mawimbi ya rangi yakitokea juu ya kioo, sogea sentimita tano mbele au nyuma. Kiyoyozi kikae 26 hata kama wageni wanalalamika joto. Wapewe panka na juisi ya ukwaju.

Masika iliyofuata kipima unyevu cha kabati la kwanza kilibaki kati ya 46 na 54. Kabati la tatu lilipanda hadi 63 usiku mmoja, na sababu ilipatikana: mtoto wa nyumba aliacha mlango wazi alipotoa pedi ya kuchezea gemu.